Dereva wa Lori Akisinzia, Jukumu ni la Nani?

Lori likiacha njia saa kumi usiku na kuvamia gari lililo mbele yake, swali la kwanza huwa ni moja: dereva alikuwa amelala? Jibu likiwa ndiyo, watu wengi huona kesi imekwisha. Alijua amechoka, kwa nini hakusimama? Leseni ni yake, usukani ulikuwa mikononi mwake, na breki ilikuwa chini ya mguu wake.

Siku chache baadaye habari nyingine huanza kutoka. Kumbe alikuwa amerudi kutoka safari nyingine jioni iliyotangulia. Kumbe alikaa kwenye foleni ya kupakia tangu asubuhi. Kumbe ofisi ilimpigia simu mara nne usiku ule kumuuliza amefika wapi. Hapo mjadala unageuka: kosa ni la tajiri, dereva ni mtu wa kutumwa tu, angekataa angefukuzwa, na sasa yeye ndiye anayeangushiwa jumba bovu.

Kila upande una ukweli wake. Wote wawili hukosea pale wanapodhani kwamba jukumu ni kama gunia moja, kwamba ukimtwisha huyu basi yule anapumua. Sheria za usafiri wa barabarani katika nchi nyingi haziendi hivyo, na hata ukiifuata hoja yenyewe hadi mwisho utaona haiwezi kwenda hivyo. Kila mtu anawajibika kikamilifu kwa kile kilichokuwa mikononi mwake. Dereva ana vyake, mwajiri ana vyake, na yupo mtu wa tatu ambaye jina lake mara nyingi halitajwi kabisa: mwenye mzigo.

Mwili una saa yake

Tuanze na mwili, maana tusipouelewa mjadala wote unakuwa wa tabia, huyu mvivu na yule jasiri. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo linatajwa kila uchovu wa madereva unapozungumzwa. Watu walikeshwa huku wakipewa kazi inayohitaji jicho na mkono kwenda pamoja. Siku nyingine watu wale wale walipewa kazi hiyo hiyo huku wakinyweshwa pombe. Aliyekuwa macho kwa saa 17 alifanya vibaya sawa na mtu mwenye pombe ya kiwango cha 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza mtu kukifikia akiwa anaendesha. Baada ya saa 24 bila kulala, alikuwa karibu na 0.10.

Juu ya hapo kuna saa ya mwili. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili unataka kulala, hata kama mwenyewe alipumzika mchana. Wimbi dogo zaidi hurudi alasiri. Dereva anayeendesha saa hizo anashindana na kitu ambacho hakikubali kubembelezwa.

Ndani ya kabati la lori mambo hayaonekani kama hatari. Dereva hajisikii kama mtu anayelala. Anasikia tu macho yamekauka. Anapiga miayo, anajisogeza kwenye kiti, anashusha kioo, anaongeza sauti ya redio. Anapita kibao cha barabarani na dakika moja baadaye hakumbuki kiliandikwa nini. Tairi za kushoto zinagusa ukingo wa lami, anarudisha gari, anajiambia zimebaki kilomita themanini tu. Kisha ubongo unazima kwa sekunde tatu au nne, pengine macho yakiwa bado wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90 za tani 40 zisizo na mwenyewe. Kioo na redio husaidia kwa dakika chache, na kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi na haiondoi deni la usingizi, inalificha tu kwa muda. Dawa ya usingizi ni usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2003 kundi la watafiti lililoongozwa na Hans Van Dongen lilichapisha utafiti juu ya watu waliolala saa 6 au chini ya hapo kila usiku kwa wiki mbili. Uwezo wao wa kuwa makini ulishuka siku baada ya siku, mpaka ukafikia wa mtu aliyekesha usiku mmoja au hata miwili mfululizo. Walipoulizwa wanajisikiaje, wengi walisema wana usingizi kidogo tu. Hawakujua walivyoharibika. Basi mwajiri anaposema mahakamani, "Nilimuuliza kama anaweza kuendelea, akasema anaweza," anakuwa amepima uzito kwa mizani mbovu. Kile kilichomjibu ndicho chenyewe kilichokuwa kimechoka.

Sheria zimeandikwa kwa nani

Sheria za saa za kuendesha zinatofautiana kwa namba, lakini zote zina sura moja: muda wa juu wa kukaa kwenye usukani, muda wa kupumzika katikati, na muda wa kulala. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1979, unataka dereva asizidishe saa 4 bila kupumzika, asizidishe saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, na apate angalau saa 10 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24. Ni nchi chache tu zilizouridhia, ingawa mantiki yake imeenea mbali. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 561 ya mwaka 2006, umeweka saa 9 kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili tu katika wiki, na dakika 45 za mapumziko kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Mapumziko ya siku ni saa 11, na yanaruhusiwa kupunguzwa hadi 9 kwa siku chache. Marekani inaruhusu saa 11 za usukani, lakini zote ziishe ndani ya dirisha la saa 14 tangu dereva aanze kazi, na kabla ya hapo awe amepumzika saa 10 mfululizo.

Namba hizi zinajulikana, na madereva wengi wanazitaja bila kufikiri. Kinachosomwa mara chache ni sentensi zinazosema nani anakatazwa. Kanuni ya Marekani juu ya uchovu inasema dereva asiendeshe gari akiwa uwezo au umakini wake umepungua kwa uchovu au ugonjwa, na papo hapo, ndani ya sentensi hiyo hiyo, inasema msafirishaji asimtake wala asimruhusu kuendesha katika hali hiyo. Litazame neno "asimruhusu". Mwajiri hahitaji kutoa amri ndipo awe na kosa. Kunyamaza akiwa anaona kunatosha.

Kifungu cha 10 cha kanuni ya Ulaya kinakwenda mbali zaidi. Kampuni inatakiwa kupanga kazi kwa namna inayomwezesha dereva kufuata sheria, kumpa maelekezo sahihi, na kukagua mara kwa mara kama yanafuatwa. Dereva akivunja sheria ya saa, kampuni nayo inahesabiwa kuwa na kosa, hata kama alilivunja nje ya nchi. Faini ya dereva haiifuti ya kampuni. Na makubaliano ya muda wa kufikisha mzigo hayatakiwi kumlazimisha dereva avunje saa zake. Jukumu hilo linawekwa pia kwa anayetuma mzigo, wakala wa usafirishaji na mkandarasi mkuu.

Tusichanganye hili na fidia. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mwajiri hulipa hasara iliyosababishwa na mwajiriwa akiwa kazini, hata kama mwajiri mwenyewe hakukosea chochote. Hiyo ni kanuni ya nani ana mfuko wa kulipa. Jukumu ninalolizungumzia hapa ni jingine: kosa la mwajiri mwenyewe, la kupanga safari isiyowezekana.

Safari moja, kwenye karatasi

Tuchukue safari moja ya kufikirika na tuihesabu, maana hapa ndipo maneno "jukumu la pamoja" yanapopata mwili.

Umbali ni kilomita 620. Lori lililojaa, ukijumlisha milima, miji na vizuizi, linapata wastani wa kilomita 62 kwa saa, kwa hiyo safari ni saa 10 za usukani. Weka mapumziko mawili ya dakika 45 na jumla inakuwa saa 11 na nusu. Mpangaji wa safari ameandika: kupakia saa mbili asubuhi, kufikisha saa mbili usiku. Saa 12 kwa kazi ya saa 11 na nusu. Kwenye karatasi safari inatosha, na ofisini hakuna atakayeona tatizo. Nusu saa iliyobaki ndiyo ya kupakia, kukagua tairi, kufunga turubai na kusaini makaratasi.

Dereva ameamka saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili yuko getini. Ghala lina foleni, mashine ya kupakia ni moja, na mzigo wenyewe haujafungwa. Hawezi kulala kwa sababu foleni inasogea kila nusu saa na asiposogea anapitwa. Anamaliza kupakia saa nane mchana. Saa sita zimeliwa na hajasogea hata mita mia.

Sasa anaondoka. Akienda bila hitilafu yoyote atafika saa saba na nusu usiku. Saa nne usiku atakuwa ametimiza saa 17 tangu aamke, ile hatua ambayo Dawson na Reid waliilinganisha na pombe ya 0.05. Kwa sheria ya Marekani, saa nne hiyo hiyo ndiyo dirisha lake la saa 14 linapofunga. Kwa kanuni ya Ulaya angetakiwa kuwa ameegesha saa tatu usiku ili apate saa zake 11, au saa tano kama bado ana nafasi ya kupumzika kwa saa 9. Mbele yake, ikifika saa nne, bado kuna saa tatu na nusu za barabara.

Jiulize nani amekosea mpaka dakika hii. Dereva alifika kwa wakati. Mpangaji aliandika ratiba inayojumlika vizuri. Ghala lilikuwa na kazi nyingi. Kila mmoja akisimama peke yake ana maelezo, na jumla ya maelezo yao ni mtu mmoja anayesinzia gizani. Ndiyo maana siamini katika kugawa lawama kwa asilimia. Mpangaji aliyejua kwamba ghala lile huchelewesha, kwa sababu limechelewesha wiki tatu mfululizo, na bado akaandika saa mbili kwa saa mbili, amefanya kosa zima, si nusu ya kosa. Dereva anayevuka saa nne huku akipita sehemu salama za kuegesha naye amefanya kosa zima. Makosa hayo mawili hayapunguzani.

Karatasi ya mshahara ndiyo ratiba ya kweli

Kwa nini basi dereva hasimami? Mara nyingi jibu liko kwenye malipo. Anayelipwa kwa kilomita au kwa tripu halipwi chochote tairi zikiwa zimesimama. Zile saa sita za getini alizitoa bure. Kila dakika ya mapumziko anaikata kwenye mfuko wake mwenyewe, na njia pekee ya kuzirudisha saa zile ni kuongeza mwendo au kupunguza usingizi. Mwajiri wa namna hii anaweza kubandika ukutani tangazo la "Usalama Kwanza" na bado akawa amemwandikia dereva amri tofauti kabisa kwa namba za mshahara.

Kanuni ya Ulaya inalijua hili. Inakataza malipo yanayotegemea umbali au wingi wa mzigo pale yanapohatarisha usalama barabarani. Marekani, kinyume chake, sheria ya mwaka 1938 inayowapa wafanyakazi malipo ya saa za ziada iliwaacha nje madereva wengi wa malori, na mpaka leo kulipwa kwa maili ni jambo la kawaida kule. Mchumi Michael Belzer, ambaye zamani aliendesha lori yeye mwenyewe, ametumia miaka mingi akionyesha kwamba madereva wanaolipwa vizuri zaidi, na wanaolipwa pia kwa muda wa kusubiri, hupata ajali chache. Mimi nakubaliana naye bila kusita. Muda wa kusubiri ukiwa bure, hakuna anayeharakisha kuupunguza. Siku unapolipiwa, mashine ya pili ya kupakia inapatikana.

Kilicho cha dereva peke yake

Yote haya hayamtoi dereva. Kuna mambo ambayo hakuna mwajiri anayeweza kumfanyia, na la kwanza ni usingizi wa nyumbani. Saa 11 za mapumziko ni nafasi ya kulala, na nafasi si usingizi. Anayezitumia kwa kazi ya pili, au kwa kuendesha gari jingine, anaingia kwenye lori akiwa ameshatumia akiba yote.

Tarehe 7 Juni 2014, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, lori la kampuni kubwa ya rejareja lilikuta foleni kwenye eneo la matengenezo ya barabara na kuligonga kwa nyuma gari lililombeba mchekeshaji Tracy Morgan na wenzake. Mmoja alikufa, Morgan aliumia vibaya. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilichunguza na kukuta kwamba dereva alikuwa macho kwa takriban saa 28. Usiku kabla ya zamu alikuwa ameendesha gari lake binafsi kwa kama saa 12, kutoka nyumbani kwake Georgia hadi kituo cha kazi Delaware, kisha akaingia kwenye lori moja kwa moja. Alikuwa akienda kilomita 105 kwa saa mahali palipotakiwa 72. Ukiitazama rekodi yake ya zamu, alikuwa bado hajavuka saa 14 zinazoruhusiwa.

Kesi hii naitumia kwa sababu inamkatalia kila mtu jibu rahisi. Dereva ndiye peke yake aliyejua kwamba hakulala, na uamuzi wa kuwasha injini ulikuwa wake. Papo hapo, mwajiri anayemwajiri mtu anayeishi umbali wa safari ya siku nzima, bila kumuuliza anafikaje kazini wala kulala wapi, ameacha shimo wazi. Bodi ilitaka kampuni iwe na mpango kamili wa kudhibiti uchovu.

Jambo la pili la dereva ni ukweli wa rekodi. Takografu, kile kifaa kinachoandika mwendo na saa za gari, kimechezewa kwa njia nyingi: sumaku kwenye kihisi cha gia, kadi ya dereva mwenzake, kitabu cha safari kinachojazwa jioni kwa kumbukumbu ya kubuni. Dereva anayefanya hivyo anajinyima ushahidi pekee ambao ungemtetea. Siku ya ajali, kitabu kitasema alilala saa 10 na hakuna atakayemwamini kwamba hakulala. Wapo wanaofanya hivyo kwa kuagizwa, na maagizo hayo karibu kila mara ni ya mdomo. Anayeagizwa avunje sheria ajitahidi kuyapata kwa maandishi, au ayaandike yeye: ujumbe mfupi wa simu kwenda ofisini, "Saa zangu zimekwisha, umeniambia niendelee," wenye tarehe na saa, unabadilisha kesi nzima.

La tatu ni afya. Mtu anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini anaweza kulala saa 9 na kuamka amechoka. Ni maradhi yanayotibika, na ni wajibu wake kusema. Lakini atasema tu pale anapojua kwamba kusema hakutamfukuzisha, na hilo linaturudisha kwa mwajiri.

"Sikujua"

Utetezi wa mwajiri unaosikika zaidi ni huo. Ulikuwa na nguvu zamani, lori likitoka getini na kupotea kwa siku tatu. Leo kampuni inaona lori liko wapi kila dakika chache, inapata risiti ya mafuta yenye saa na mahali, na inapokea picha ya makaratasi ya mzigo wakati wa kupakia na kushusha. Kampuni inayoweza kujua kwamba lita 15 hazijulikani zilipokwenda haiwezi kudai haikuona kwamba gari halikusimama usiku kucha. Ulaya kampuni zinatakiwa kutunza rekodi za takografu kwa angalau mwaka mmoja. Wachunguzi wakifika, kinachotazamwa ni kama kuna mtu aliyekuwa akizisoma.

Kusoma rekodi nako kuna namna mbili. Ipo kampuni inayozisoma ili impate dereva wa kuadhibu. Ipo inayozisoma ili ione ni njia ipi, ghala lipi, au siku gani ya wiki ambapo madereva wote wanazidisha saa. Madereva sita wakivunja sheria ileile kwenye safari ileile, kosa si la madereva sita.

Mtu wa tatu

Turudi kwa mwenye ghala na mwenye mzigo. Katika biashara hii mara nyingi wao ndio walioshika mpini. Wanaandika muda wa kufikisha, wanaandika faini ya kuchelewa, na wanaamua lori lisubiri kwa muda gani, bila kulipa chochote. Msafirishaji mdogo naye ameshika makali, akimhamishia dereva shinikizo alilopewa yeye.

Australia ndiyo iliyolikabili hili waziwazi. Sheria yake ya magari makubwa, inayotumika katika majimbo mengi ya nchi hiyo, inazungumzia mnyororo wa uwajibikaji: mwajiri, mkandarasi mkuu, mpangaji wa ratiba, anayetuma mzigo, anayeupokea, anayepakia na anayeshusha, wote wamo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2018 kila mmoja ana wajibu wa kuhakikisha usalama kadiri inavyowezekana katika sehemu anayoidhibiti, bila kusubiri ajali itokee. Mkataba unaomsukuma dereva kwenda kwa kasi au kuendesha akiwa amechoka umekatazwa wenyewe. Na wakurugenzi wana wajibu wao binafsi wa kufuatilia.

Tarehe 22 Aprili 2020 lori liliacha njia yake kwenye barabara kuu mjini Melbourne na kuwaua polisi wanne waliokuwa wamesimama pembeni. Dereva alikuwa ametumia dawa za kulevya na alikuwa hajalala vya kutosha. Alifungwa. Kesi haikuishia kwake: msimamizi wake, aliyeonana naye kabla ya safari ile, naye alishtakiwa, na uchunguzi ukapanda hadi kwenye kampuni yenyewe. Swali walilokutana nalo lilikuwa rahisi kulitamka: mlijua nini juu ya mtu huyu kabla hajawasha injini, na mlikuwa na uwezo gani wa kumzuia?

Marekani nayo tangu mwaka 2016 inamkataza msafirishaji, mwenye mzigo, mpokeaji na wakala kumtishia dereva ili avunje saa zake. Ni hatua nzuri, ingawa vitisho vingi havisemwi. Husemwa tu, "Basi tutamtafuta mwingine."

Fundo gumu kuliko yote ni dereva anayemiliki lori lake. Yeye ni mwajiri na mwajiriwa ndani ya shati moja. Ana mkopo wa lori wa kulipa kila mwezi, na hana wa kumkatalia isipokuwa mteja. Mwaka 2012 Australia iliunda baraza la kupanga malipo ya chini kwa usafiri wa barabarani, kwa hoja kwamba malipo duni ndiyo yanayozaa uchovu. Mwaka 2016 likavunjwa, na miongoni mwa waliolipinga kwa sauti kubwa walikuwa madereva wenye malori yao, waliohofia kwamba bei ya chini iliyopangwa kwao ingewafanya wateja wakimbilie kampuni kubwa. Mwaka 2024 nchi hiyo ililirudia wazo kwa njia nyingine, ikiipa mamlaka tume yake ya kazi kuweka viwango vya chini katika sekta hii. Mimi naamini waliolipinga walikuwa na hofu ya kweli, na bado naamini wazo lenyewe lilikuwa sahihi. Mtu hawezi kulala usiku ambao bei ya mzigo haikuuhesabu.

Kukataa kunahitaji mlango

Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 inamlinda dereva anayekataa kuendesha kinyume cha kanuni za usalama. Akifukuzwa kwa sababu hiyo anaweza kulalamika na kurudishwa kazini. Ulinzi huo ni wa baadaye, kwenye ofisi na kwa mawakili. Usiku, akiwa pembeni ya barabara, dereva anahitaji kitu kingine: namba ya simu inayopokelewa saa nne usiku na mtu mwenye mamlaka ya kusema, "Egesha, mteja nitaongea naye mimi." Kampuni nyingi zina mtu wa zamu ya usiku anayepokea simu. Wachache kati yao wana ruhusa ya kubadilisha muda wa kufikisha mzigo bila kumwamsha bosi.

Anahitaji pia mahali. Sehemu ya kuegesha isiyo na ulinzi, ambapo mafuta yanaweza kunyonywa na turubai kuchanwa, humfanya dereva alale jicho moja wazi. Rekodi itaandika saa 11 za mapumziko. Mwili utaandika nne.

Ichukue tena safari yetu ya kilomita 620. Saa sita mchana, lori likiwa bado kwenye foleni, dereva anatuma ujumbe: sijapakia. Mpangaji hahitaji kusubiri zaidi; hesabu yake inamwambia mzigo hauwezi kufika leo kwa usalama. Anampigia mteja wakati huo huo, mchana kweupe, watu wakiwa bado ofisini, na kuomba muda mpya. Anamwandikia mwenye ghala madai ya malipo ya kusubiri, kwa saa, kama mkataba unavyosema. Lori linaondoka saa nane. Saa kumi na mbili na nusu jioni dereva anapumzika dakika 45. Saa tatu usiku anaegesha ndani ya uzio wenye mlinzi, sehemu aliyotengewa tangu mchana. Saa mbili asubuhi anawasha injini, na saa sita kasorobo mchana anashusha mzigo, karibu saa 16 baada ya muda wa kwanza. Ankara ya kuchelewa inakwenda kwa mwenye ghala.